Mpira wa Mzee wa Mizani

Nyumbani, 3 Machi

Mwanangu Chiriku,

Kabla sijasema lolote, pokea salamu, na uzipokee moja moja, usizimeze zote kwa mkupuo kama ulivyokuwa ukimeza vidonge. Ya kwanza ni ya bibi yako. Yuko hapa mbele yangu, ananiangalia nikiandika, anasema mistari yangu inapanda mlima. Miguu yake inalalamika kila asubuhi ila mdomo haujambo kabisa. Ya pili ni ya shangazi yako, bado tunaye, alikuja kwa wiki moja unakumbuka, sasa ana mpaka kulabu yake ya kutundikia nguo. Ya tatu ni ya kaka yako fundi baiskeli, anasema hana la kusema ila anasalimu. Mkewe naye anasalimu, pamoja na tumbo lake, maana sasa wapo wawili. Kitindamimba kafaulu hesabu, kafeli adabu. Jirani mshona viatu anauliza vile viatu vyako bado vinaingiza maji? Hata paka anakusalimu, kazaa tena, na safari hii kazalia ndani ya kapu langu la maharage ya njano, nimemwachia kapu. Mimi mama yako mwili mzima. Habari za roho ndizo hizi zinazofuata.

Usiniambie tena ningepiga simu. Simu inakatika kabla salamu hazijafika hata kwa bibi yako.

Barua yako nimeisoma mara nne. Ya tano nikampa kitindamimba anisomee, labda kwa sauti ya mtu mwingine maana itabadilika. Haikubadilika. Unasema baba wa mchumba wako, huyo mzee aliyestaafu kazi ya kukagua mizani, hajasema ndiyo wala hapana. Kwamba neno lake halitoki mpaka azunguke kwanza na mzazi wa upande wa pili kwenye uwanja wa gofu, mashimo tisa kwa miguu, ndipo aseme kama mtaoana. Na huyo kijana wako fundi miwani naye kashika msimamo, bila neno la baba yake hasogei. Kwa hiyo mwanangu, ndoa yako sasa iko kwenye miguu yangu hii, yenye magaga.

Gofu? Mimi? Nilipowaeleza hapa nyumbani kaka yako alicheka mpaka spana ikamwangukia kidoleni. Bibi yako akauliza, "Kwani wanafanya nini huko?" Nikamwambia mtu anapiga mpira kwa fimbo mpaka uingie shimoni, halafu anautoa, anaenda kuuingiza shimo jingine. Akafikiri sana. Akasema, "Si angebaki nao mfukoni?"

Lakini kinachoninyima usingizi si fimbo, ni hiyo kazi ya mzee. Mkaguzi wa mizani! Wewe unanijua. Tangu nianze kuuza maharage sijawahi kupima nikaacha hivyo hivyo. Mzani ukishatulia, mkono wangu wenyewe unakwenda kuchota konzi moja na kuongezea juu. Marehemu baba yako alikuwa akisema hata siku ya hukumu nitaomba malaika waniruhusu niongeze kidogo. Wakaguzi wakipita sokoni mimi natetemeka kama mwizi, na sijaiba. Sasa nitatembea na mmoja kutwa nzima!

Niambie nivae nini. Niambie nimbebee nini, maana mkono mtupu kwa mkwe ni aibu. Niambie nimwamkie vipi. Na uniambie upesi, kwani tarehe aliyoipanga haiko mbali.

Ni mimi mama yako anayekupenda.


Chumbani kwangu, ghorofa ya tatu, 9 Machi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, na shikamoo zote za humo ndani nimeziweka kwenye bahasha hii, wewe ndiye wa kuzigawa. Mwambie bibi wangebaki nao mfukoni wangekosa kisingizio cha kutoka nyumbani. Mwambie mshona viatu haviingizi tena maji, sasa vinaingiza mawe.

Nakuandikia nikiwa na gundi ya kufungia vitabu kwenye vidole vyote kumi, kazi imetujaa kiwandani, na mwenzangu fundi miwani kwao ni vilevile, ndiyo maana sisi wawili hatutaweza kupata ruhusa ya kuja. Utakwenda peke yako. Lakini sikiliza mama, usijali. Ni matembezi tu. Uwanja ule ni wa umma, mtu yeyote anaingia, na wanaokwenda huko wengine hawachezi, wanakwenda kuangalia vilima na ziwa. Mzee atacheza na rafiki yake, daktari wa meno mstaafu, wewe utatembea pembeni. Vaa viatu bapa. Mtu akiinua fimbo, nyamaza mpaka apige. Usimpigie makofi kabla. Chukua sweta.

Mambo ya sheria za mchezo hayakuhusu, waachie wenyewe.

Mama, na usikasirike kwa hili: usiongee sana. Unajua ukianza na habari za paka unamalizia na upasuaji wa shangazi. Yeye ni mtu wa maneno machache yaliyonyooka. Tabasamu, itikia, tembea. Na lile konzi lako la maharage, nakuomba, lisitajwe kabisa! Anaamini anayezidisha na anayepunguza wamekosea sawasawa.

Nina hofu, mama, naficha nini. Nampenda huyu kijana. Akinirekebishia miwani ananiuliza kama sikio linauma. Nenda ukanipatie hiyo ndiyo.

Bintiyo,
Chiriku


Nyumbani, 24 Machi

Chiriku wangu,

Nimerudi, mzima, magaga yote yapo! Salamu za humu ndani ni zile zile, nisipoteze wino, ila shangazi anasema ameudhika kwa kutajwa upasuaji wake.

Mwanangu, kwa nini hukuniambia ni pazuri vile? Nilidhani nitakuta kiwanja kama cha shule, vumbi na magoli. Nikashuka basi, nikapita geti lisilo na mlinzi, na pale geti pamewekwa kibao tu: karibuni, msitupe takataka. Mara nchi ikafunguka. Vilima vimevaa majani mafupi kama nywele za mtoto aliyetoka kunyolewa, miti imepangwa safu, na kule chini ziwa dogo limelala limetulia, mabata juu yake wanazunguka kama wenye nyumba. Ukungu ulikuwa bado haujaamka vizuri. Kulikuwa na tarishi anacheza peke yake na sare yake, akikosa anajigombeza mwenyewe, "Wee mjinga wee!" Na wanawake wawili wa makamo wamekaa kwenye benchi na chupa yao ya chai wakiwacheka wanaokosa. Nikasema mbona hapa ni kwa watu kama sisi.

Mkwe ni mfupi, suruali imepigwa pasi ule mstari unaweza kukata mkate. Pale kwenye kibanda cha chai, alipotia sukari aliisawazisha kijikoni kwa mgongo wa kisu. Nikasema moyoni, nimekwisha. Lakini ana adabu! Alisimama mpaka nikakaa. Rafiki yake daktari wa meno ni mnene, mcheshi, kitu cha kwanza aliniambia, "Mama, cheka kidogo." Nikacheka. Akasema, "Ahaa, ya juu yote yapo. Mzee, uchumba ukubali."

"Uchumba haukaguliwi menoni," mkwe akajibu.

Wakaanza. Mimi kimya, kama ulivyoniagiza. Nilitembea, nikatabasamu, nikaitikia, mpaka mashavu yakauma. Lakini mwanangu, mtu ukinyamaza unaona mengi, na moyo unatafuta kazi. Nikamwona yule mzee jinsi anavyouhangaikia ule mpira. Anaupiga, anausindikiza kwa macho, na ukienda kombo anasikitika kama mtu aliyefiwa, ila hasemi.

Kwenye shimo la pili mpira wake ukaingia kwenye shimo la mchanga. Wao walikuwa kwenye vichaka wanatafuta wa daktari, mimi nikatangulia. Nikaukuta umelala mle mchangani umezama nusu, mchafu, unatia huruma. Nikauokota, nikaufuta vizuri kwa kitambaa changu cha kichwa, nikauweka juu pale pembeni kwenye majani mazuri. Si mbali, palepale tu. Mkwe alipofika akauangalia mpira, akaangalia mbingu, akasema, "Leo niko na Mungu."

Nilifurahi! Nikanyamaza, maana wema hautangazwi.

Kwenye la tano ulijibana nyuma ya mzizi, ule mzizi ungemvunjia fimbo. Nikausogeza kabla hawajafika. Na kwenye la nane, mwanangu, ulikuwa umebaki kidogo tu utumbukie ziwani, bata mmoja ameshaukodolea macho, nikauvuta juu kidogo kwa ajili ya usalama. Wa daktari sikuugusa hata mara moja. Yeye si mkwe.

Basi mwishoni wakakaa wanahesabu mapigo yao kwenye vikadi, mara mkwe akaruka! Mzee yule, na suruali yake ile! Akamkumbatia daktari, daktari kanuna, mkwe anasema, "Miaka yote hii! Miaka yote hii!" Sikuelewa, sikuuliza, si uliniambia nisiongee. Akanigeukia akasema, "Mama, una nyota." Akanipa fimbo yake na mimi nipige. Wa kwanza nikapiga hewa. Wa pili nikapiga majani. Wa tatu, hee, ukalia PA! ukaruka juu, ukapotelea ziwani, mabata wakalalamika wote. Nilicheka mpaka haya ikaniisha, na wale wa kwenye benchi wakanipigia makofi.

Hakusema ndiyo wala hapana. Aliniambia tu, "Nitaandika." Sasa niko roho juu. Je, nimefanya vizuri?

Mama yako.


Ghorofa ya tatu, 26 Machi

MAMA!

Kasema ndiyo! Sijui kama barua yako iko njiani, sijaisubiri, nimeshindwa. Mzee kamwandikia mwanawe kurasa tatu, yeye ambaye haandiki zaidi ya mistari mitatu. Kamshinda daktari wa meno kwa pigo moja, maana huko mwenye mapigo machache ndiye mshindi! Hajawahi kumshinda tangu wafahamiane, mama, tangu mwenzangu akiwa shule ya msingi. Kadi yake ya mapigo kaitia kwenye fremu, kaitundika sebuleni mahali palipokuwa na saa. Anasema watu wote wasikie: mama yule ametembea nami kimya kimya, hana makuu, ana mguu mzuri, na ametuletea nyota nyumbani. Watoto waoane.

Umemfanya nini, mama? Nakupenda. Nitakupenda hata ukinisimulia habari za paka kutoka mwanzo.

Chiriku wako, bibi harusi


Ghorofa ya tatu, 2 Aprili

Mama,

Barua yako ya tarehe 24 imefika. Nimeisoma nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Nimempa mwenzangu. Alicheka mpaka akavua miwani, kisha akaacha kucheka, akakaa sakafuni.

Mama, mpira wa gofu hauguswi! Unapigwa pale pale ulipoangukia, hata kama ni kwenye mchanga, hata kama ni kinywani mwa bata. Ndio mchezo wenyewe. Anayeusogeza ni sawa na anayeweka jiwe chini ya mzani.

Kuna jambo sikukuambia. Baba mkwe wa kaka mkubwa wa mwenzangu alizungushwa uwanja ule ule. Kwenye shimo la sita akausogeza mpira wake kwa ncha ya kiatu. Kidogo tu. Mzee aliona. Hakusema neno mpaka shimo la tisa, na ile harusi ilikaa miaka miwili haijafungwa. Sikukuambia kwa sababu nilijua utakosa usingizi. Nilidhani usipojua utatembea kwa raha.

Sasa nakusihi: kimya. Tunaojua ni sisi watatu na huyo bata. Mzee ana furaha, daktari keshanuna keshasahau, hakuna aliyeumia. Usimwambie mtu, na kwa mapenzi ya Mungu usimwambie shangazi.

Chiriku


Nyumbani, 9 Aprili

Kwako Mkwe wangu mheshimiwa, Mzee wa Mizani,

Salamu nyingi za heshima. Mama yangu mzazi anakusalimu, wifi yangu anakusalimu, wanangu wanakusalimu, na mimi muuza maharage niliyetembea nawe uwanjani nakusalimu nikiwa nimeinamisha kichwa. Natumaini goti lako lile la kushoto limepoa. Ulikuwa ukilificha lakini nililiona.

Mkwe, yale mapigo uliyoyatia kwenye fremu hayako sawa. Mpira wako niliugusa mara tatu. Kwenye la pili niliutoa mchangani, nikaufuta. Kwenye la tano niliutoa kwenye mzizi. Kwenye la nane niliuvuta usiingie majini. Mimi sikujua kwamba haifai. Nilidhani namsaidia mtu, kama unavyomwona mwenzio kaangusha kitu ukamwokotea. Hakuna aliyenituma, wala watoto hawakujua. Daktari wa meno naye hakuona, alikuwa vichakani.

Nikueleze ilivyo, maana uliponiona nimenyamaza ulidhani mimi ni mtu wa maneno machache. Si kweli. Mimi ni mtu wa maneno mengi, niliombwa niyaache nyumbani. Na mimi mkono wangu haujui kuachia kipimo kikavu. Sokoni kwangu mzani ukitulia naongeza konzi moja. Sidhulumu, ila naongeza. Ningekuwa na akili ningejua kwamba kwako hilo ni kosa. Kwa hiyo ulipopata tabu na mpira wako mkono wangu ulikwenda kama unavyokwenda siku zote.

Ukitaka kulirudisha neno lako, ulilitoa kwangu mimi, basi lirudishie kwangu mimi. Binti yangu usimpime kwa mkono wangu. Yeye huyo akifunga kitabu hakiachii hata ukurasa.

Nimeshindwa kukaa na ushindi wa mtu ambao nimeuongezea.

Mkwe wako kama bado ni mkwe wako,
Mama Chiriku


Nyumbani, 10 Aprili

Mwanangu,

Leo salamu ni chache, kila mtu humu ndani kanuna. Nilimwambia bibi yako, bibi yako akamwambia shangazi, basi ikawa baraza. Shangazi anasema nyamaza, ulimi ulishaponza kichwa. Kaka yako anasema nyamaza, hata yeye baiskeli nyingine huwa hasemi zilikuwa na kasoro gani. Walipomaliza, bibi yako akaniambia, "Wewe lakini unapima vibaya siku hizi." Na kweli. Tangu barua yako ije nimekuwa napima maharage, mkono unakwenda kuongeza, naurudisha, wateja wananiangalia.

Barua ya kwa mkwe imeondoka jana. Nimekuandikia leo na si jana makusudi, usije ukanizuia.

Usinilaumu, na mimi nisikulaumu sana. Lakini nikuambie kitu kimoja, nilale. Uliniagiza nisiongee, nikatii. Ungeniambia nisiguse, ningetii vilevile. Ulinificha lile la maana ukaniambia la aibu. Mama yako sikusoma sana, lakini nikielezwa naelewa.

Kama nimekuharibia, mwanangu, njoo nyumbani unigombeze uso kwa uso. Kitanda chako kipo, paka nitamhamisha.

Mama.


Ghorofa ya tatu, 22 Aprili

Mama,

Mwenzangu kapita kwa baba yake Jumamosi. Fremu haipo ukutani. Saa nayo haijarudi, pamebaki msumari. Mzee alimkaribisha chai, akasawazisha sukari yake, akauliza habari za kazi. Mwenzangu alipotaja jina lako akasema, "Nafanya hesabu," akatoka nje na fimbo moja. Basi.

Nilikukasirikia siku mbili. Ya tatu nilikuwa nabandika gamba la kitabu, nikakumbuka ulivyokuja shuleni kwetu siku ya wazazi, ukaongea na walimu wote mpaka na mpishi, na mimi nikajificha chooni. Kesho yake yule mpishi ndiye aliyekuwa ananijazia sahani. Sijawahi kukuambia. Mama, ile "usiongee sana" haikuwa kwa ajili ya mzee. Ilikuwa yangu mimi. Nisamehe.

Akisema hapana, tutangoja. Kaka yake mwenzangu na mkewe walingoja miaka miwili na bado wanapendana.

Mwanao


Kwa Mzee wa Mizani, 28 Aprili

Kwa Mkwe,

Salamu. Goti linaendelea vizuri.

Barua yako niliipata. Nilikasirika. Nakuandikia hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nikaishusha fremu.

Kisha nilikwenda uwanjani peke yangu, nikasimama kwenye mchanga wa shimo la pili, kwenye mzizi wa shimo la tano, na ukingoni mwa maji kwenye shimo la nane. Nilijaribu kupiga kutoka kila mahali, mipira kadhaa. Nakuhakikishia kwamba siku ile ningeshindwa vibaya sana.

Nikaenda kwa daktari wa meno, nikamwekea kadi mezani, nikamwambia ushindi ni wake. Alicheka mpaka akashika taya, na yeye ndiye mwenye kujua hatari ya jambo hilo. Halafu akaleta kitabu cha sheria. Kinasema mtazamaji akiusogeza mpira na mchezaji asijue, mchezaji hahesabiwi kosa. Alinisomea mara mbili, akasema kadi ni halali, niirudishe ukutani. Nimekataa. Kwa kitabu nimeshinda. Kwa mzani wangu mimi nimeshindwa.

Sasa neno la watoto. Ile ndiyo ya kwanza naifuta. Niliitoa nikiwa nimelewa furaha ya kitu kisicho changu, na kipimo kilichochukuliwa hivyo si kipimo.

Nimekagua mizani tangu ujana wangu mpaka nywele zikaisha. Nimefuata wafanyabiashara madukani, sokoni, maghalani, wengine wakinikimbia, wengine wakinificha mawe mifukoni. Hajatokea hata mmoja aliyenifuata yeye, nyumbani kwangu, kuniambia kipimo chake kina kasoro. Wewe umenifuata, na ulikuwa na mengi ya kupoteza kuliko wao.

Kwa hiyo naandika upya, na safari hii ni kamili: ndiyo. Waoane. Wapange siku, wasingoje.

Kuhusu lile konzi la maharage: kisheria kuzidisha ni kosa. Lakini mimi nimestaafu.

Kabla ya harusi nakualika tena uwanjani. Utacheza mwenyewe, kwa fimbo yako na mpira wako, ili mikono yako ipate shughuli. Na yale maneno uliyoyaacha nyumbani uje nayo, goti likiuma nahitaji kitu cha kusikiliza.

Wako,
Mkwe

Mimi daktari wa meno naongeza hapa chini bila ruhusa yake: mama, safari hii naomba ucheze upande wangu.


Nyumbani, 5 Mei

Chiriku, Chiriku, mwanangu!

Nakutumia barua ya mkwe uisome mwenyewe, lakini uirudishe, bibi yako anataka kulala nayo chini ya mto. Ilifika nikiwa sokoni. Kitindamimba kaja anakimbia bila kiatu kimoja, nikajua ama ni msiba ama ni ndiyo. Nimemsomesha pale pale mbele ya wateja. Alipofika kwenye "ile ya kwanza naifuta" nikakaa juu ya gunia. Akataka kusimama apumue, nikamwambia ukipumua nakuchapa, soma! Aliposoma ile ndiyo ya pili, nilipiga kigelegele mpaka muuza vitunguu akadhani ameshikwa mwizi. Siku ile hakuna aliyepata kipimo kikavu, mwanangu. Waliokuja kwa kilo moja waliondoka wameinama.

Lile la shuleni nilijua. Nilikiona kiatu chako chini ya mlango wa choo. Nilisema moyoni, atakua. Basi umekua, tusilifukue tena. Wala usiniombe msamaha, niombe kitambaa cha kichwa, kile kimebaki na mchanga hautoki.

Shangazi anasema alijua tangu mwanzo kwamba kusema ukweli kutaleta heri. Tumemwachia. Kaka yako ananitengenezea fimbo kwa bomba la baiskeli kuukuu, nzito kidogo, lakini ukiizungusha inavuma, na mkewe anasema mtoto akisikia ule mvumo anaruka tumboni. Jioni natoka nyuma ya nyumba napiga mbegu za maparachichi. Mshona viatu keshanirudishia tatu, moja ilimkuta anakunywa chai.

Sasa nisikilize, hapa ndipo nilipokwama. Mkwe kanialika, kwa hiyo upande wake ndio adabu. Lakini daktari wa meno kaniomba, naye ndiye niliyemfanyia ubaya, sikumsogezea hata mpira mmoja. Nikiwa upande wa mkwe daktari atasema undugu. Nikiwa upande wa daktari mkwe atasema ndoa haijafungwa tayari nimemgeuka. Bibi yako anasema nizichezee zote mbili, zamu kwa zamu. Kaka yako anasema nicheze vibaya, watagombania kuniacha. Wewe unawajua, na huyo fundi miwani anamjua baba yake vizuri zaidi. Ulizaneni huko, mpange na siku ya harusi mara moja, mniandikie. Wote wawili wanasubiri jibu langu, na mimi nasubiri lenu. Fanyeni upesi, mwanangu, mbegu zinakaribia kuisha.

Mama yako,
mchezaji